Deni la Lynn

"Boss, hiyo picha usiiangalie sana. Andika namba tu."

Khaemba, mwenye cyber nyuma ya soko la Nakuru, alikuwa amehudumia wateja wa kila namna, lakini wa kuonea wivu picha ya kitambulisho cha mkewe hakuwahi kumwona. Alicheka kidogo, akarudi kwa kompyuta.

"Umesema tunapinga nini, mzee?"

"Hizo late payments. Eti CRB wamemwandika mke wangu analipa akichelewa, ameniambia mwenyewe. Na pesa ni mimi natoa, kila mwezi, mkononi mwake, kabla ya tarehe. Hao watu wa loan ni wakora."

Mbugua alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Jina la mtu likishachafuka CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni, benki humkimbia kama mwenye ukoma, na yeye alitaka mkopo wa kununua canter ya pili ya kubebea mahindi. Shamba la Rongai, ambalo benki ilitaka liwe dhamana, lilikuwa kwa jina la Lynn. Zaidi ya hayo, alijua ana deni lake mwenyewe kwa huyo mwanamke, na deni hilo halikuwa la pesa.

Wivu wa Mbugua ulijulikana Rongai nzima. Aliwahi kumfukuza muuza maziwa kwa kukawia langoni. Aliwahi kuhama kanisa kwa sababu pasta alishika mkono wa Lynn na kusahau kuuachilia. Kwa hiyo mwanamume asiyejulikana alipoanza kumpigia Lynn simu jioni, naye Lynn akawa anatoka kwenda kuongea nje kwa sauti ya chini, mlango wa jikoni ukikwaruza sakafu nyuma yake, Mbugua alikosa usingizi.

"Ni nani huyo?"

"Ni mtu tu."

Mtu tu! Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya siku akampokonya simu.

"Wewe ni nani, na unataka nini na bibi yangu?"

Kisha sauti ya upole ikajibu, "Pole sana, mzee. Naitwa Ndegwa, niko na kampuni ya mikopo. Mama alichukua loan kwetu na amechelewa kulipa. Hatutaki jina lake lifike CRB."

Lynn alilia mpaka macho yakavimba. Alikopa, alisema, mwaka ule mvua ilipokataa, akanunua mbegu na mbolea, akaogopa kumwambia. Na badala ya kumwonea huruma, mume wake anamwita malaya! Alifunga virago akarudi kwa mama yake.

Ilibidi Mbugua apeleke mbuzi kwa wakwe. Akasimama mbele ya mama mkwe, kofia mkononi, akaapa kwamba hatamshuku Lynn tena maishani.

Tangu hapo alijitahidi, Mungu ni shahidi. Alitoa pesa za kulipa loan bila kunung'unika. Alikunywa chai bila sukari, kwa sababu Lynn alisema lazima wajibane mpaka deni liishe. Simu ikilia jioni, ni yeye mwenyewe aliyempelekea. "Shika, mama, ni watu wa loan." Hata yeye na Ndegwa wakazoeana.

"Mzee, tukitaka kuja kuona shamba, tutakupata nyumbani siku gani?" Ndegwa alimuuliza wakati mmoja.

"Siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Alhamisi napeleka mahindi soko la Nakuru, narudi giza limeingia."

"Sawa mzee, nimeelewa."

Kijana mwenye adabu, Mbugua alijisemea.

Lakini wivu haufi, hulala tu. Akimwona Lynn anajipaka mafuta ya kunukia siku ya kwenda kulipa, ulimfukuta kifuani. Angefungua mdomo, akumbuke yule mbuzi, aufunge.

Leo ilikuwa Alhamisi, na canter ilikuwa imemharibikia gia hapo hapo Nakuru. Badala ya kukaa gereji akihesabu magari, Mbugua aliona afadhali ampiganie mkewe. Angefika nyumbani jioni na barua ya kumsafisha, ampe bila kusema neno, na labda hapo roho yake ingetulia.

"Mzee," Khaemba alisema, akageuza kompyuta amwonyeshe. "Hapa hakuna kitu cha kupinga."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia mara mbili. Huyu mama jina lake ni safi kuliko langu. Sioni hiyo loan."

Mbugua alitabasamu kwa fahari, halafu akakunja uso. "Haiwezekani. Hao watu wanatupigia kila wiki."

"Basi labda hiyo kampuni haijapeleka majina. Wapigie wakupe account number, ndio tujue tunapinga nini."

Lilikuwa wazo zuri. Mbugua alikuwa ameinakili namba ya Ndegwa siku ile ya kupokonyana simu, akaiweka kwa jina la Watu wa Loan, ingawa hakuwahi kuipiga. Akaipiga sasa. Iliita sana kabla ya kushikwa.

"Hallo? Nani mwenzangu?" Ndegwa aliuliza, mdomo umejaa chakula.

Kabla Mbugua hajajitambulisha, akasikia mlango ukikwaruza sakafu upande ule mwingine, na sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka:

"Nikuongeze sukari, ama hiyo imetosha?"