Wino Kiganjani

"Tarakimu tisa, mama! Hata wanafunzi wangu hawafiki hapo," alisema binti yangu mtafiti, akirudi chumbani na kuinamia kompyuta. Kwenye jaribio lake la kumbukumbu, tarakimu zinapita, zinafutika, nawe unaziandika tena kwa mpangilio.

Nilikunja kiganja cha kushoto. Miaka thelathini ya uuguzi nimeandika presha za wagonjwa kiganjani. Leo kalamu ilijiendea yenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Lakini wiki hii nimeacha jiko likiwaka mara mbili, na nilikuja kujipima, si kusifiwa.

Nikakunjua kiganja. Wino ulishaanza kuchuruzika kwa jasho.

"Mama! Na ulivyotuchapa kwa kuibia mtihani!"

"Lete sabuni, turudie," nikamwambia. "Halafu nikwambie habari ya jiko."