Kalamu Iliyovunjwa

"Si hizo. Ile iliyovunjika."

Haradhan Karmakar aliinua macho. Mwanamke aliyesimama mbele ya kibanda chake alikuwa amezipita kalamu zote nzima, kongwe lakini zinazong'aa, na kidole chake kilikuwa kimetua pembeni kabisa mwa kioo. Hapo ilikaa kalamu nyeusi yenye pete za dhahabu, nibu yake imepasuka na kupinda kama ukucha uliokanyagwa.

"Dada, hiyo nimeiweka pambo tu. Chukua hii ya kijani. Ina umri wa mama yangu, lakini inaandika kuliko hizi za leo."

"Nzima ziache. Sina haki ya kuziharibu."

Muuza chai wa kibanda cha pili aliangua kicheko. "Kaka Haradhan, leo umepata mteja! Kolkata nzima inanunua samaki, yeye anataka mwiba!"

Haradhan hakucheka. Kicheko kilikuwa kimemhama tangu mwanawe Bishu aingie gerezani. Bishu alikuwa ameua, na kwamba aliua hakuna aliyebisha, hata baba yake. Mahakama ilikwisha kumtia hatiani. Kilichobaki ni adhabu, nayo ingetolewa Jumatatu saa nne na nusu asubuhi: kifungo cha maisha, au kitanzi. Usiku Haradhan hakuomba mwanawe aachiwe. Aliomba tu aachwe hai, aozee huko huko ndani, lakini hai.

Mahakamani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Mtaani walinong'ona kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye hakuwa na uso wa kwenda kukaa kwenye benchi lile mbele za watu. Alimtuma shemeji yake, na kila jioni shemeji alirudi na habari zile zile. "Jaji hasomeki, shemeji. Anamung'unya karafuu, anaandika. Anamung'unya tena, anaandika."

Haradhan alifungua kioo, akaitoa kalamu na kuilaza juu ya kitambaa.

"Nikwambie ukweli kabla hujatoa hela, usije ukanilaani kesho. Hii ilikuwa ya jaji mmoja wa zamani. Wanawe walipouza nyumba ndipo nilipoipata. Haikuanguka, dada. Aliivunja mwenyewe. Majaji wetu ndivyo walivyo, wakishaandika mtu anyongwe, huikandamiza nibu mezani mpaka ivunjike. Kalamu iliyoandika kifo isije ikaandika kitu kingine tena."

"Najua," alisema mwanamke.

Alilitamka neno hilo kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Sasa Haradhan alimtazama vizuri. Mtu mzima wa makamo, sari nyeupe isiyo na nakshi kama ya mjane, mikono haina bangili hata moja. Moyo ulimlipuka. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na alidhani uchungu wenyewe umemjia kibandani kwa miguu yake. Nani wake aliyenyongwa kwa kalamu hii? Mtoto? Mume? Hakuthubutu kuuliza.

"Huyo jaji," mwanamke alisema, "wanawe walikwambia kama alilala usiku ule?"

"Kulala sijui. Walisema hakuonja samaki tena mpaka anakufa."

Mbengali asile samaki, chakula chake cha kila siku! Mwanamke aliinamisha kichwa.

"Inatengenezeka?" aliuliza hatimaye.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Keti hapo, dada. Wataka kuandikia nini, barua?"

"Kuna jambo sitaki kuliandika kwa kalamu ya plastiki."

Haradhan hakuchimba zaidi. Aliifungua kalamu taratibu. Kifuko cha wino ndani kilikuwa kimekauka na kukatika vipande, akakitoa, akaweka kipya. Aliiosha mpaka wino wa yule marehemu ukaisha kutoka. Mwanamke alitoa kikopo kidogo kwenye mkoba wake, akala karafuu, akamkaribisha naye. Haradhan alichukua moja, akashukuru, akaendelea na kazi.

Kadiri alivyofanya kazi ndivyo tumaini lilivyomwingia, tumaini la kijinga pengine, lakini mwenye mwana gerezani hachagui. Kama kalamu iliyoua mtoto wa mtu ingeandika tena, tena mkononi mwa mtu yule yule iliyemliza, je, Mama Kali, mungu wa kike aliyemwabudu, asingeona? Aliomba huku akisugua. Mama, mimi nakuponyea hii, wewe niponyee wangu. Mtie jaji yule huruma.

Alipofika kwenye nibu alisita. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kibati alichokificha kwa miaka. Ndani yake mlikuwa na nibu moja ya dhahabu, kamwe haijaguswa na wino.

"Hii nilimwekea mwanangu, siku atakayokirithi kibanda," alisema. "Nakupa wewe. Sitaki hata rupia moja. Itakuandikia mpaka wajukuu waje kuigombania."

Mwanamke aliitazama nibu ile, machozi yakamlenga. Halafu aliisukuma polepole kwa kidole mpaka ikarudi upande wa Haradhan.

"Mwekee mwanao, kaka," alisema. "Mimi nifungie ya chuma, ya bei rahisi kabisa. Jumatatu saa nne na nusu nitaandika nayo mara moja tu."