Nafasi ya Salamu Moja

"Waambie waache kusalimiana," alisema mhandisi, akikung'uta vumbi la Karatu kwenye suruali. "Salamu zao ndizo zinazojaza kompyuta."

Germana, mwendesha redio wa hospitali, alimgeukia. Jana mganga wa zahanati kule Enguserosambu alituma kwanza salamu, moja moja, kama adabu inavyotaka. Zote zilifika kwenye kompyuta hii mpya ya kupokea ujumbe wa redio. Ombi la gari la kumchukua mzazi anayetokwa damu halikupata pa kuingia.

Germana aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha, pale pale, mpaka ukucha ukapasuka. "Ona programu yako! Ujumbe wa neno moja umeutengea kumbukumbu ya ukurasa mzima. Nani anatoa gunia kwa konzi moja ya maharage?"

"Ni rahisi kuandika hivyo."

"Rahisi kwa nani?"

Redio ikakoroma; ni Enguserosambu tena. Maneno yakaanza kujitokeza kwenye kioo: Shikamoo dada. Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Mvua imenyesha huko?

Baada ya salamu ya saba, kompyuta ikaganda.

Germana akachukua funguo za Landrova ukutani, akazitupa juu ya kibodi.

"Nenda Enguserosambu," alisema. "Ukamuulize mganga alitaka kusema nini."