Upepo Kwenye Breki

Kikombe kilianguka gizani, kikabingirika sakafuni, kikagonga mguu wa meza. Kisha kimya. Justa alikijua kimya hicho: cha mtu aliyesimama palepale, anasikiliza kama ameamsha watu.

Hakuwasha taa. Huu ulikuwa mwezi wa tatu mume wake, Masele, anaamka kabla ya alfajiri na kutoka kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akirudi hanuki pombe. Afadhali angenuka pombe.

"Huyo ana mtu," dada yake alimwambia kwenye simu. "Mwanaume akiacha kukutazama, hata usiulize."

Na kweli Masele alikuwa ameacha kumtazama. Justa alisuka nywele upya, mume hakusema kitu. Jumatatu Justa alichana karatasi ya daftari lake la masomo ya jioni, akamwandikia barua, ya kwanza maishani mwake, ukurasa mzima bila mwalimu kusahihisha. Akaiweka juu ya benchi la kazi. Jioni aliikuta chini, imefutiwa grisi.

Hapo ndipo alipokata shauri. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda. Leo angevaa gauni la manjano, lile Masele mwenyewe alilomnunulia alipojifungua Queen. Asipomtazama leo, kesho angeshuka stendi ya Buzuruga na mtoto, wapande basi la Magu, kwao.

Gereji ilikuwa uani kwao, Kiseke, banda la mabati tu. Ndani lilisimama gari la mteja wao, Vipul: bodi ya Land Rover ya marehemu babu yake, injini ya gari jingine kabisa. Injini hiyo haikuwa na nguvu ya kusaidia breki, ndiyo maana Masele akafunga busta ya umeme, ile inayokula betri na kuvuma kila pedali ikikanyagwa. Zamani angemaliza kwa siku mbili. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na pedali bado ilizama kama mguu kwenye tope. Kulikuwa na upepo kwenye mabomba. Kuutoa, Justa alikanyaga, Masele alilala chini na spana, na Queen, wa miaka sita, alichuchumaa kuangalia kama bado kuna mapovu kwenye mpira mweupe uliomwaga mafuta ya breki kwenye chupa ya soda.

Saa kumi Vipul alipitia. "Loo, shemeji! Leo kuna harusi?" Akainama chini ya gari. "Masele, mke kapendeza hivi, na wewe umelala na matairi?"

"Mke wangu hupendeza kila siku," Masele alijibu kutoka chini.

"Nimevaa lipi?" Justa akauliza.

Spana iliacha kuzunguka.

"Lile zuri."

Vipul akacheka mpaka akakohoa. Justa hakucheka.

"Jumapili napakia watoto wote wanne," Vipul alisema, akipigapiga boneti. "Fundi, mji huu mzima nakuamini wewe tu."

Chini ya gari spana ikaanza tena kuzunguka.

"Kanyaga," Masele alisema baada ya Vipul kuondoka. Busta ikavuma. "Shikilia hapo. Queen, mapovu?"

"Yapo, baba."

"Achia."

Kila kitu alimuuliza mtoto. Mafuta yana rangi gani. Mapovu makubwa au madogo. Mtoto ndiye mtu wa kuzungumza naye. Mke ni mguu tu wa kukanyagia.

Jua lilipozama Justa aliwasha balbu ya banda. Masele alikuwa ametoka chini kunyoosha mgongo, anafuta mikono. Justa akaja kusimama mbele yake, karibu kabisa, mwanga wote juu ya gauni. Masele alitazama bega lake, au ukuta ulio nyuma ya bega, akasema:

"Mama Queen, nani kahamisha kigoda changu?"

Basi. Yamekwisha. Justa alirudi kwenye kiti cha dereva. Kanyaga, shikilia, achia. Machozi yalidondokea usukani na hakuyafuta. Kichwani alikuwa anahesabu nguo za mtoto.

Saa mbili kasoro umeme ukakatika. Kiseke nzima ikawa nyeusi. Justa hakuona hata mikono yake mwenyewe. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali, na busta, kwa kuwa ilikula betri, ikaendelea kuvuma vilevile. Alisubiri Masele aachie tusi kama fundi yeyote. Alisubiri spana iwekwe chini.

Spana iliendelea kuzunguka, taratibu.

"Vizuri. Queen, mapovu?"

Chupa ya soda ilikwaruza sakafu.

"Angalia vizuri, mwanangu. Bado yapo?"

Sauti ya mtoto ikatoka gizani, karibu na gurudumu.

"Mama, baba hajajua kama umeme umekatika."