Mstari wa Nne

Mgonjwa alifika mstari wa nne, akalifunga daftari, akaanza kulia upya.

Ilikuwa asubuhi ya sita kwa mnasihi kuushuhudia msiba ule ule. Jalada la Fundi, seremala wa siku nyingi, alikuwa amelirithi juma lililopita tu kutoka kwa mwenzake aliyehamishwa. Virusi vilivyouvimbisha ubongo wa mgonjwa vilikwisha kutoweka, lakini kumbukumbu zilitoweka navyo: aliloambiwa saa hii halikufika saa ijayo. Ndiyo maana kliniki ilimpa daftari, na watu wa nyumbani wakalijaza, ili kila akiamka ajisome. Jina lake. Kazi yake. Ugonjwa wake. Kisha: Mke wako amefariki.

Mhudumu wake, mwanamke mtulivu aliyefunga kitambaa kichwani, aliketi kando ya kitanda akampa mkono wake. Fundi aliukumbatia kifuani, akalia hadi mabega yakatetemeka.

Jalada lilieleza kwamba miezi ya mwanzo alikuwa akiwafukuza jamaa zake kwa patasi, mmoja baada ya mwingine, akiapa kuwa ni wezi waliovaa sura za watu wake. Hatimaye wakaacha kuja. Ni mhudumu huyu peke yake, asiyedai undugu wowote, ambaye Fundi hakuwa na ugomvi naye.

Kabla ya saa kwisha, Fundi alikuwa akijipangusa macho bila kujua kilichoyalowesha. Alionja supu aliyopikiwa na mhudumu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, mumeo ana bahati."

"Anayo," alijibu mhudumu, akimfuta kidevu. "Ila hajui."

Fundi akacheka. "Wanaume ndivyo tulivyo."

Huko ukumbini, mnasihi alisema na mhudumu kwa sauti ya chini. Madaktari hawakutarajia nafuu yoyote zaidi. Kilichobaki ni kumpunguzia mateso, na hakuna moyo unaoweza kufiwa kila asubuhi. Alitaka ukurasa ule uchanwe. Akatoa fomu ya ridhaa, akaeleza kwamba yahitajika saini ya ndugu wa karibu, kisha akauliza atampata wapi ndugu huyo.

Mhudumu aliisoma fomu hadi mwisho.

"Usiuchane, daktari," alisema. "Ni pale anapolia tu ndipo hunishika mkono."

Mnasihi alimjibu kwa upole kwamba huruma yake ameiona, na kwamba wahudumu wengi huzoeana na wagonjwa kiasi hicho. Lakini hilo ni la familia kuamua.

Mwanamke akaomba kalamu. Aliweka alama penye neno "Sikubali", akatia saini bila haraka, na kwenye nafasi ya uhusiano na mgonjwa, kwa mwandiko ule ule wa mstari wa nne, akaandika: Mke.