Semina ya Kuuza Hewa

Zamani, si zamani sana, maafisa wa wanyama walipelekwa semina kufundishwa kuuza hewa ya msitu ng'ambo. Kindi, aliyeupanda msitu wenyewe kwa kufukia mbegu mojamoja, alizuiwa mlangoni.

"Hii ni ya maafisa, mdogo wangu," Afisa Kiboko alisema, mdomo umejaa sambusa. "Wewe hewa unaijulia wapi?"

Kindi aliondoka kwa hasira.

Wiki iliyofuata akatua Korongo, mnunuzi. "Nionyesheni miti."

Maafisa wakamwonyesha vyeti, wakamwonyesha na picha ya pamoja. Njia ya msituni hakuna aliyeijua, jamani!

Kiboko akamkimbilia Kindi. "Mzee wangu, tupeleke."

"Nampeleka Korongo, nikauze mimi niliyepanda. Nyie endeleeni kuivuta hewa bure."