Kidonge Chini ya Ulimi

Katika wodi hii ya wagonjwa wa akili, hakuna anayenishinda kuficha kidonge mdomoni. Nimekamatwa mara tatu tu.

Mara ya tatu nilificha kwa woga. Asubuhi shingo ya jirani yangu wa kitanda ilijipinda ikakaza, macho yakaganda darini, akashindwa hata kuniita.

"Ni dawa ile, Bibi," mwanafunzi wa uuguzi aliniambia. "Tumemchoma sindano ya kumlegeza. Si huyo anakunywa chai? Lakini wewe usipomeza, sauti zitarudi."

Sauti hizo ndizo zilizoniamuru nimwage mafuta ya taa mlangoni, mjukuu wangu akiwa amelala ndani.

Nikatia kidonge mdomoni, nikakisukuma chini ya ulimi, nikanywa funda la maji, nikapanua mdomo. Hakuona kitu, ila hakuondoka. Aliketi kitandani, akaniuliza habari za mjukuu.

Uchungu wa kidonge ukasambaa mdomoni. Ncha ya ulimi ikafa ganzi, kisha ulimi wote. Kumbe alijua dawa hiyo hufanya hivyo, alikuwa akingoja.

"Umemeza, Bibi?"

"Nimemeza, mwanangu," nikasema kwa ulimi mzito, na kidonge kikadondokea kwenye kiganja alichokwisha kukikinga chini ya kidevu changu.